Barua ya ofa isome kama uko mwezi wa tano

Swali: Salaam aleikum shangazi. Mie ni msichana wa miaka 24, kwetu Lamu, Langoni. Nimemaliza digrii ya uhasibu pale Pwani University na sijawahi kuajiriwa. Wiki hii nimepata ofa mbili. Ya kwanza ni hoteli ya Malindi, idara ya akaunti, 45,000 kwa mwezi: msingi 33,000, nyumba 8,000, usafiri 4,000, na chini yake wameorodhesha marupurupu kibao, NSSF ya uzeeni, SHA ile bima ya afya ya serikali, livu siku 21, bima ya ajali kazini, bima ya matibabu, pensheni, chakula cha stafu, yunifomu na mgao wa sevisi chaji. Ya pili ni shirika moja hapa hapa Lamu, 38,000, mkataba wa mwaka mmoja, grachuiti 15% mwisho wa mkataba na kava ndogo ya matibabu. Mjomba asema nisiulize ulize, nisaini ya Malindi kabla hawajampa mwengine. Wanataka jibu Ijumaa. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera, ofa mbili kwa wiki moja si mchezo, kuna vijana wana miaka miwili wazunguka na bahasha ya vyeti pale mjini hata barua ya kukataliwa hawajaiona.

Mjomba wako nimemsikia na nusu ya maneno yake ni kweli, kazi huku haingoji mtu. Lakini hilo la usiulize, hapana. Mie nimekaa idara ya wafanyakazi miaka 17, hoteli za Malindi na Watamu, na barua kama hiyo uliyotumiwa nimeziandika mwenyewe mpaka vidole vikafa ganzi. Sijawahi kumnyang'anya mtu kazi kwa sababu ameuliza kava yaanza lini. Nimewahi kumwona mtu anakosa kazi kwa sababu alikuja na mdomo mchafu, hiyo ni habari nyengine. Anayeuliza kwa adabu sisi ofisini twamwona ni mtu asomaye karatasi kabla ya kuitia saini, na kwa mtu wa akaunti hiyo ni sifa.

Sasa. Jambo langu kubwa ni moja na yote nitakayosema hapa chini yarudi hapo: barua ya ofa ya hoteli usiisome ukiwa mwezi wa kumi na mbili. Isome kama uko mwezi wa tano. Wewe ni mtu wa pwani wajua, Disemba kaskazi inavuma, ndege zimejaa, Waitaliano wamejaa, kila mtu anacheka na sevisi chaji yaingia. Ikifika Aprili mvua za masika zaanza, kusi inaingia, bahari chafu, mwani umejaa ufuoni, na hoteli nyingi za Malindi na Watamu ama zafunga kabisa mpaka mwezi wa saba ama zabaki na wageni wanne na paka. Hapo ndo utajua lipi lilikuwa marupurupu na lipi lilikuwa mapambo.

Mie mwenyewe kazi yangu ya kwanza nilisaini Disemba, hoteli siitaji, nikapewa barua nzuri yenye nembo ya dhahabu, nikampelekea mamangu akailia machozi. Mwezi wa tano tukaitwa bwalo la chakula tukaambiwa tuende nyumbani "livu bila malipo" mpaka tuitwe, na siku hiyo ndo nikaenda kuisoma barua vizuri kwa mara ya kwanza. Kila kitu kilichonivutia kilikuwa chategemea wageni, ama chategemea kumaliza majaribio, na majaribio yangu yalikuwa ya miezi sita. Nilikuwa na yunifomu mbili na hamna kingine.

Kwa hiyo chukua kalamu, tuanze kufuta.

Futa kwanza vile ambavyo sheria yakupa hata wasipoandika. NSSF si zawadi, ni lazima, wewe 6% na mwajiri 6%. SHA si zawadi, ile 2.75% yatoka kwenye mshahara wako wewe, mwajiri haongezi hata senti juu yake, sasa sijui wanaiorodheshaje kama marupurupu, lakini sote twafanya hivyo, barua yapendeza ikiwa ndefu. Livu ya siku 21 ni sheria ya ajira ya mwaka 2007, na hapo angalia neno moja, sheria yasema siku 21 za kazi, kwa hivyo siku zako za ofu hazihesabiwi ndani yake, mtu asije akakuhesabia na Jumapili. Bima ya ajali kazini pia ni sheria, ya mwaka huo huo wa 2007. Siku za ugonjwa, ukishamaliza miezi miwili kazini una angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 nyengine za nusu kwa mwaka. Livu ya uzazi miezi mitatu kwa mshahara kamili. Hivyo vyote wekea mstari. Si kwamba ni vibaya, ni kwamba hata shirika la Lamu itabidi likupe, kwa hivyo havikusaidii kuchagua.

Umefuta? Ona barua ilivyopungua. Vimebaki matibabu, pensheni, chakula, yunifomu, sevisi chaji na zile alawansi mbili.

Kabla hatujafika huko tushushe mshahara kwanza maana naona wewe na mjomba mwalinganisha 45,000 na 38,000 na hakuna hata moja katika hizo utakayoiona kwenye M-Pesa yako. 45,000 ya Malindi: NSSF 2,700, SHA 1,237 na senti, ushuru wa nyumba 1.5% ni 675. Hizo tatu zatolewa kabla ya kodi, NSSF ni tangu zamani, ya SHA na ya nyumba ni nafuu iliyokuja mwisho wa mwaka 2024, zamani ulikuwa wakatwa kodi hata juu ya pesa ambazo hukuzishika. Yabaki kama 40,387, kodi yake ukishapunguziwa ile nafuu ya kodi ya 2,400 ya kila mwezi ni kama 4,500. Mkononi yafika 35,900 hivi. Sasa 38,000 ya Lamu kwa hesabu hiyo hiyo: NSSF 2,280, SHA 1,045, nyumba 570, kodi kama 2,615, mkononi 31,490 hivi. Ile tofauti ya 7,000 iliyompa mjomba joto imekuwa 4,400. Na kama una deni la HELB, ule mkopo wa chuo, lipunguze pande zote mbili, usijifanye hulijui, watalikata tu wakishapata jina lako.

Nyumba na usafiri. Kuna barua zaandika mshahara mmoja zasema umejumuisha nyumba, hiyo sheria yaruhusu. Yako imegawanywa, msingi 33,000 na alawansi 12,000, na wengi hufurahi wakiona mistari mingi, lakini mie huuliza swali jengine: vitu vyengine vyahesabiwa juu ya ipi? Maana pensheni kwa kawaida yahesabiwa juu ya msingi. Nyongeza ya mwaka juu ya msingi. Kwa hivyo hoteli ikikuambia nyongeza 5% wewe wasema 2,250, wao wamaanisha 1,650. Si wizi, ndo ilivyoandikwa. Alawansi ya usafiri nayo iulize, je nikiwa livu nalipwa? Mahali kwengine livu hulipwa msingi na nyumba tu, usafiri wasema hukusafiri.

Na wakikwambia badala ya 8,000 waweza kukaa kota za stafu, usikubali kabla hujaenda kuziona kwa macho yako. Namaanisha uende, upande basi. Kota zengine ni chumba cha wasichana wanne, maji ya zamu, geti lafungwa saa nne usiku na ukiwa livu watakiwa utoe godoro. Kota zengine ni nzuri kuliko chumba chochote utakachopanga mjini. Barua haikuambii ni ipi.

Haya, matibabu. Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo pana pesa na hapa ndo vijana hawaulizi.

Barua yako yasema "bima ya matibabu" basi, maneno matatu, nukta. Hiyo ni kama mtu akuambie nimekupikia wali, hujui kama ni wa nazi ama ni wa jana. Uliza ni shilingi ngapi kwa kulazwa na ngapi kwa kutibiwa na kurudi nyumbani, maana ni vitu viwili tofauti, na kava nyingi za bei nafuu zina kulazwa tu. Kijana wa miaka 24 halazwi mara nyingi inshallah, wewe utaumwa na malaria, na jino, na macho ya kukaa kwenye kompyuta, na hivyo vyote ni vya kurudi nyumbani. Kwa hivyo kava ya laki tano ya kulazwa peke yake yaweza kukufaa kidogo kuliko ya elfu hamsini ya kliniki. Meno na macho mara nyingi vina fungu lao au havimo kabisa.

Halafu uliza yaanza lini. Siku ya kwanza, au baada ya majaribio? Sheria yaruhusu majaribio mpaka miezi sita, na yaweza kurefushwa miezi sita mengine ukikubali. Ukianza kazi mwezi wa kumi na mbili, majaribio yakaisha mwezi wa sita, maana yake umepita masika yote, msimu wa mbu, bila kava. Ona sasa kwa nini nasema mwezi wa tano.

Halafu uliza hospitali gani zimo kwenye orodha. Hili wewe mtu wa kisiwani ndo lakuhusu kuliko mwengine. Malindi hospitali za binafsi zipo kadhaa na Mombasa ni kama kilomita 120 tu, hukosi. Lakini ukienda nyumbani kwa Idi ukaugua Lamu, je kadi itapokelewa mahali popote upande ule au itabidi uvuke na boti mpaka Mokowe na homa yako ukatafute gari? Na hiyo kava ndogo ya shirika la Lamu waulize vilevile, tena kwa ukali zaidi, maana wao ndo kila siku watakuwa kisiwani. Kava isiyo na hospitali unayoweza kufika ukiwa mgonjwa ihesabu ni sufuri, hata wakiandika milioni. Na kama iko ya kusafirisha mgonjwa kwenda Mombasa, hiyo kwa mtu wa Lamu yashinda laki mbili za kulazwa, mie nasema hivyo na najua kuna watakaobisha.

Na uliza ni ya nani. Wewe peke yako au na wategemezi, na wategemezi ni kina nani. Karibu kila kava ya kazini yamaanisha mume na watoto. Mama yako hayumo. Wasichana wengi wa kwetu wachukua kazi kwa ajili ya mama, halafu wagundua mama si mtegemezi kwa lugha ya bima. Wengine huruhusu umwongeze mzazi kwa kujilipia, uliza bei. Na kama pesa ya kava ni ya familia nzima ama ya kila mtu, lakini hilo utaliuliza vizuri ukishaolewa, tusikimbilie.

Tumalize matibabu. Hapana, moja tena. Wakikupeleka livu bila malipo mwezi wa tano, je kava yaendelea? Hili hakuna anayeliuliza, na ndo swali langu ninalolipenda.

Na kwa hiyo livu bila malipo yenyewe, ujue hivi: sheria ya ajira haimpi mwajiri ruhusa ya kukurudisha nyumbani bila mshahara kwa sababu yeye hana wageni. Kubadilisha masharti ya mkataba ni lazima ashauriane na wewe na akuarifu kwa maandishi. Lakini ukisaini barua yenye mstari mdogo usemao "kulingana na hali ya biashara mwajiri aweza…", ushawapa nafasi ya kubishana na wewe. Utafute huo mstari. Ukiwepo uliza umetumika lini mara ya mwisho na kwa wiki ngapi. Hoteli zengine huwapanga watu vizuri, wamaliza livu zao za mwaka kipindi hicho kwa mshahara kamili, hiyo ni halali na ni mpango mzuri tu, ila ujue livu yako yote itaisha ukitazama mvua.

Sevisi chaji. Mwanangu hiyo ni pesa kweli, usiidharau, kuna watu wamejenga nyumba Barani na Kisumu Ndogo kwa sevisi chaji. Lakini si mshahara. Yatoka kwenye bili ya wageni yagawanywa kwa pointi na kila idara ina pointi zake, na mtu mpya aanzia chini, na mwezi ambao hakuna wageni hakuna cha kugawa. Usipange kodi ya nyumba juu yake. Waulize: mwezi wa tano uliopita pointi moja ilikuwa shilingi ngapi? Wakisema hawakumbuki, basi ilikuwa sufuri.

Chakula cha stafu nakihesabu kuwa pesa taslimu. Ukila mchana na chai ya saa nne kazini siku 26, hata kwa shilingi 150 kwa siku hiyo ni 3,900 ambayo haikutoka mfukoni. Uliza tu hakikatwi kwenye mshahara, na uliza Ramadhani wafanyaje, kuna hoteli zawawekea waliofunga futari vizuri na kuna zengine chakula ni saa saba mchana basi, ukikikosa ushakikosa.

Yunifomu nipitie haraka, uliza tu kama yalipiwa na nani na ukitoka yarudishwa. Na kama waruhusu buibui au hijabu, uliza sasa, si siku ya kwanza getini.

Sasa kitu ambacho hukukiorodhesha lakini naomba ukatafute kwenye barua kwa sababu wewe ni wa akaunti. Kama watakuweka cashia au utapokea pesa za wageni, kutakuwa na mstari kuhusu shoti. Sheria yamruhusu mwajiri kukata mshahara wako kwa pesa iliyopungua, lakini kwa masharti: mkataba wako uwe umesema waziwazi kwamba umekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, na huo upungufu uwe umetokana na uzembe wako ama kukosa uaminifu. Barua zengine zaandika tu "upungufu wowote utakatwa kwa mfanyakazi". Wowote! Hata mwengine akiwa na ufunguo wa droo hiyo hiyo? Omba waandike kwamba utakatwa baada ya kuchunguzwa na kusikilizwa. Nimewaona wasichana wawili wanalipa shoti ya mtu mwengine miezi minne. Marupurupu yote ya barua yalimezwa na hiyo. Na hata ukikatwa, makato yote kwa jumla hayatakiwi kupita theluthi mbili za mshahara, lazima theluthi ibaki.

Pensheni na grachuiti wengi wachanganya. Ya Malindi ni pensheni: tuseme mwajiri aweka 5% ya msingi, hiyo ni 1,650 kwa mwezi, wewe nawe wakatwa chako. Sijui asilimia yao maana barua haikusema, uliza. Na uliza ukitoka baada ya mwaka mmoja ile sehemu ya mwajiri yaenda na wewe ama yabaki. Ya Lamu ni grachuiti: 15% ya 38,000 ni 5,700 kwa mwezi, kwa mwaka 68,400 kabla ya kodi yoyote, walipwa kwa mkupuo mkataba ukiisha. Ukiigawa kwa mwezi ukaijumlisha na mshahara, ofa ya Lamu yawa 43,700, yaikaribia sana ya Malindi. Mjomba mwambie hilo pole pole.

Ila grachuiti ni kama embe la juu kabisa, tamu lakini lazima ufike. Ukitoka mwezi wa nane kwa sababu umepata kazi nzuri zaidi, walipwa ya miezi minane ama hupati kitu? Mradi ukikatika, mfadhili akiondoka? Mashirika yaishi kwa mfadhili kama hoteli zinavyoishi kwa wageni, nao wana mwezi wao wa tano, tofauti ni kwamba hawajui waja lini. Waulize hilo na waliandike. Na usiyangoje yale malipo ya "sevisi pei" wanayoyasikia watu, ya kila mwaka uliofanya kazi, mtu aliye NSSF hahesabiwi hapo.

Kitu cha masomo. Wewe una digrii ya uhasibu, najua CPA, ile mitihani ya wahasibu, yakusubiri. Uliza kama walipia mitihani hiyo ya KASNEB, bodi inayoitahini, au wakupa siku za mtihani. Hoteli kubwa baadhi hufanya hivyo. Lakini wakikulipia watataka usaini bondi, uwatumikie miaka miwili la sivyo urudishe pesa. Mie siogopi bondi ya mwaka mmoja. Ya miaka mitatu kwa mtihani mmoja naikataa.

Sasa tuweke mizani. Malindi mkononi 35,900, toa chumba, tuseme 7,000 na maji na stima, toa nauli ya kwenda Lamu na kurudi kila baada ya miezi miwili na boti ya Mokowe juu yake, toa tuktuk siku utakazotoka usiku, jumlisha chakula cha mchana unachopewa. Hubaki mbali na 27,000. Lamu mkononi 31,490 na walala kwenu, chakula ni cha mama. Kwa karatasi Lamu imeshinda, na grachuiti juu.

Lakini mie nimekulia pwani na najua nyumbani si bure. Mwenye mshahara nyumbani ndo mwenye stima, ndo mwenye gesi, ndo mwenye ada ya shule ya binamu, ndo mwenye mchango wa kila harusi ya Langoni na Mkomani. Hilo silo la kulalamikia, ni jukumu na lina baraka yake, ila lihesabu, liwekee namba kama ulivyowekea kodi ya chumba. Na Malindi utajifunza akaunti za hoteli, stoo, malipo ya wageni kwa fedha za kigeni, ukaguzi wa usiku, kazi ambayo ukiijua miaka miwili waweza kuifanya Diani, Zanzibar, popote penye hoteli. Hilo nalo ni rupurupu lisiloandikwa.

Kwa hivyo ningekuwa wewe: Malindi, wakikubali mawili. Kava kuanza siku ya kwanza, na maandishi kuhusu miezi ya kufungwa, walipa nini na kava yaendelea vipi. Hayo mawili nayachagua kwa sababu ndo rahisi kwao kutoa. Mshahara wa mtu mpya huwa umepangwa kwa ngazi, ukiomba 50,000 meneja lazima apande juu kwa mkubwa wake na aweza kuchoka nawe. Tarehe ya kava ni simu moja tu kwa kampuni ya bima. Wakikataa yote mawili, chukua ya Lamu, mwaka mmoja wapita haraka, na CPA waisoma kwenu.

Wala usiombe kwa simu. Andika leo hii, barua pepe, kitu kama hivi, kigeuze kiwe chako:

"Nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa na ningependa kujiunga nanyi. Kabla ya kutia saini naomba ufafanuzi wa mambo machache: kiwango cha bima ya matibabu kwa kulazwa na kwa kliniki, tarehe inayoanza, na kama inaendelea hoteli ikifungwa msimu wa chini, utaratibu wa mshahara na livu katika miezi hiyo, asilimia ya pensheni ya mwajiri, na utaratibu unaofuatwa pakitokea upungufu wa pesa. Kama inawezekana ningeomba bima ianze siku ya kwanza ya kazi."

Basi. Usieleze maisha yako, usitaje ofa ya Lamu mpaka wakuulize. Wasipojibu mpaka Alhamisi asubuhi piga simu, omba wakuongeze mpaka Jumatatu, ni ombi la kawaida kabisa.

Na wakati wasubiri, fanya ule upelelezi wetu wa kipwani. Hapo Lamu hakosi mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye hoteli hiyo, kisiwa ni kidogo. Usimuulize meneja ni mtu mzuri. Muulize mwezi wa tano walilipwa tarehe ngapi, na kama aliwahi kuangalia akaunti yake ya NSSF akakuta miezi yote imelipwa. Kuna waajiri wakata kila mwezi kwenye peisilipu na pesa haifiki, na anayejua ni yule aliyekwenda kuangalia mwenyewe. Akikuambia mishahara ilikuja tarehe 30 mvua ikinyesha, mwanangu, hiyo ndo marupurupu yote.

Ukishasaini omba nakala yenye saini zote mbili na muhuri, si ile yako peke yako, uipige picha kila ukurasa, umtumie na mjomba.

Majibu yakija nitumie nami niyasome, hasa hilo la kava wakati hoteli imefungwa, nina hamu ya kujua wataandika nini.